Mto Mara upimwe kabla samaki hawajafa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme machache kuhusu Mto Mara. Nilifanya kazi ya fundi sanifu wa maabara ya maji kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, na sasa ninaishi Musoma, ambako huvuka Daraja la Kirumi kila ninapokwenda Tarime kumwona binti yangu na wajukuu. Zamani basi lilipofika darajani abiria waliendelea na mazungumzo yao. Tangu Machi 2022 wananyamaza kidogo na kugeuza shingo watazame maji yana rangi gani, na akitokea mmoja wa kusema kwamba leo ni safi, hakosi mwingine wa kumuuliza, "Umejuaje?" Nimelisikia swali hilo mara nyingi, na kila mara nimetambua kwamba ndani ya basi hakuna mwenye jibu, nami nikiwemo.

Wasomaji wako watakumbuka yaliyotokea mwezi ule. Maji ya Mara kuelekea Kirumi yaligeuka meusi, yakawa na harufu na utando kama wa mafuta, na samaki wakaelea wamekufa. Wananchi wakakatazwa kuyatumia. Serikali ikaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele, ikaipa siku chache, na kamati ikarejea na jibu kwamba oksijeni majini ilikuwa imeshuka mno, na kwamba kilichoishusha ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Haikuona kuwa sumu ya migodini ndiyo chanzo. Watu wakacheka. Vijiweni wakaulizana ng'ombe wa Mara wameanza kunya lini, maana babu zetu waliwanywesha katika mto huo huo na haikusikika kwamba samaki wamekufa kwa ajili hiyo. Hata bungeni ripoti ile haikupokewa vizuri.

Mimi sikucheka, wala sikusimama kuitetea, na naomba nieleze yote mawili.

Sikucheka kwa sababu najua kwamba kinyesi kinaweza kuua samaki bila kuwa na tone la sumu ndani yake. Samaki hutegemea oksijeni iliyoyeyuka majini, nayo ni kidogo sana: maji ya mto wenye afya, kwa joto letu la kanda ya ziwa, huwa na miligramu kama saba tu katika lita moja. Ikishuka chini ya tano, samaki wengi huanza kusumbuka. Ikifika mbili, sato hupanda juu akatweta mdomo wazi, na asipopata pa kukimbilia hufa. Wanaoimaliza oksijeni hiyo ni bakteria wanaoozesha samadi, majani, mafunjo makavu na magugu maji. Mvua ya kwanza inapokomba uchafu wote wa kiangazi kutoka malishoni na kuusukumia mtoni kwa usiku mmoja, bakteria hao hupata karamu, na oksijeni inaweza kwisha kabla jua halijachomoza.

Jambo hili limekwisha kupimwa katika mto huu huu, upande wa juu, ambako hakuna anayeweza kuwasingizia wafugaji. Katika sehemu ya Mara iliyopo Kenya kuna viboko zaidi ya 4,000. Usiku hutoka kula nyasi, mchana hushinda katika vidimbwi vya mto wakinya humo humo. Kiangazi mto unapopungua, samadi hurundikana chini ya vidimbwi hadi maji ya chini yakakosa oksijeni kabisa; kisha mvua hunyesha milimani, furiko likavizoa vidimbwi vyote kwa pamoja, na maji yale yaliyooza yakashuka na kuua samaki mbali na pale yalipoanzia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzao walichapisha matokeo hayo mwaka 2018. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wameonesha kwamba kwa wastani nyumbu zaidi ya 6,000 huzama kila mwaka katika vivuko vya Mara, na mizoga yao huoza majini. Mto huu, basi, umezoea kubeba uozo kuliko mtu wa mjini anavyoweza kudhani.

Lakini tazama, Mhariri, kwa nini habari ya viboko iliaminika na ya ng'ombe ikachekwa. Watafiti wale waliacha vipimo vyao ndani ya maji kwa miaka mitatu, mchana na usiku, vikiandika oksijeni kabla furiko halijaja, linapopita na baada ya kupita. Mto ulipochafuka walikuwa na kurasa na kurasa za siku ambazo haukuchafuka. Kamati yetu iliitwa msibani. Ilikuta maiti, ikapima maiti, ikaulizwa marehemu alikuwa anaumwa nini tangu mwaka jana. Kinamama wa kijijini wanalielewa hili kuliko sisi tuliosoma: mtoto hupelekwa kliniki kila mwezi hata akiwa mzima, hupimwa uzito, nukta huwekwa kwenye kadi, na siku akidhoofika muuguzi hahitaji kubahatisha, kwa kuwa mstari wenyewe unaonesha ulianza kuteremka mwezi gani. Mto Mara hauna kadi ya kliniki ambayo mwananchi anaweza kuifungua akaiona.

Ndiyo maana sikuitetea ripoti. Inawezekana kabisa kwamba ilikuwa sahihi. Ila mtu akiuliza oksijeni ya Kirumi ilikuwa kiasi gani Februari ya mwaka huo, au Machi ya mwaka uliotangulia, au zebaki katika tope la mto ilikuwa kiasi gani kabla ya tukio, na asipewe namba, basi anabaki na kuamini au kutoamini tu, na watu wa Nyamongo, penye mgodi wa dhahabu wa North Mara, na vijiji vya jirani wana sababu zao za kutoamini kwa wepesi. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka eneo la mgodi na kuingia Mto Tigithe, unaomwaga maji yake Mara, na ubishi juu ya madhara yake uliendelea kwa miaka mingi. Aliyewahi kung'atwa na nyoka, akiambiwa safari hii ni ung'ong'o, ataomba ashikiwe taa kwanza.

Jambo moja dogo lingeweza kusaidia hata bila maabara. Wavuvi wazee wanajua kwamba kambale na kamongo hupanda juu kuvuta hewa kama sisi, na kwamba wanaweza kuishi katika maji ambayo sato na ningu hawawezi. Kwa hiyo samaki wanapokufa, swali la kwanza linapaswa kuwa ni samaki gani. Wakifa wale wanaotegemea oksijeni ya majini peke yake na kambale akabaki anacheza, oksijeni ndiyo mshukiwa. Kambale naye akielea, tafuta kingine. Hilo halitoshi kumtia mtu hatiani, lakini ni ushahidi unaopotea ndani ya siku mbili, kwa sababu korongo, mamba na jua havisubiri kamati iteuliwe.

Sasa niseme kupima kwenyewe kukoje, maana watu wengi hufikiri kwamba mtaalamu huchota maji kwenye chupa, akayapeleka mjini na mashine ikamwambia kila kitu. Oksijeni haipelekwi mjini. Hupimwa pale pale majini, na saa ya kuipima si yoyote. Mchana mimea ya majini ikipigwa na jua hutoa oksijeni, na usiku huitumia. Kwa hiyo mto unaopimwa saa saba mchana, baada ya gari la ofisi kufika na wageni kunywa chai, utaonekana mzima, na mto huo huo saa kumi na moja alfajiri unaweza kuwa unakata roho. Nakumbuka asubuhi nyingi za namna hiyo. Giza bado lipo, mvuvi amekubali kunipeleka katikati ya mkondo kwa sababu maji ya kando yanadanganya, mtumbwi unayumba, nashusha waya wa kipimo nusu mita chini ya uso wa maji na kusubiri namba itulie. Inateremka polepole: sita nukta mbili, tano nukta nane, tano nukta moja, inasimama. Unaandika namba, saa na joto la maji kwa penseli, kwa sababu wino ukilowa hukimbia. Kisha unapima tindikali, uwezo wa maji kupitisha umeme na tope. Hayo matano hayachukui robo saa.

Chupa ndizo zenye matatizo. Chupa ya kupima vimelea lazima iwe imechemshwa, isisuuzwe mtoni, ifunguliwe ikiwa imeelekezwa mkondo unakotoka, na ifike maabara siku hiyo hiyo ikiwa ndani ya barafu. Chupa ya madini kama zebaki hutiwa tindikali kidogo ili madini yasigande kwenye kuta zake. Chupa ya kupima bakteria watakula oksijeni kiasi gani huhifadhiwa gizani kwa siku tano, kwa joto la nyuzi 20, ndipo jibu lipatikane. Siku tano, Mhariri, na hapo hujakosea kitu. Kamati iliyopewa siku chache inaweza kukifanya kipimo hicho mara moja tu na kuomba Mungu.

Niliwahi kusafirisha boksi la sampuli kumi na mbili kwa basi kwenda maabara moja ya kanda, ambayo sitaitaja. Basi liliharibika njiani tukalala. Kesho yake barafu yote ilikuwa maji vuguvugu, na mimi nilijua, na aliyezipokea alijua, kwamba vimelea vilivyomo sasa vimezaliana njiani na havina habari yoyote ya mto. Zilipimwa. Matokeo yaliandikwa, yakapigwa muhuri na kuingia kwenye taarifa ya robo mwaka. Sijawahi kusahau. Ninalisema hili ili mtu asifikiri kwamba naomba namba nyingi kwa ajili ya wingi wake. Namba mbaya yenye muhuri ni hatari kuliko kutokuwa na namba, kwa sababu hakuna atakayerudi kuihoji.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba kimo cha maji ya Mara kimetunziwa kumbukumbu kwa miongo mingi. Kuna vituo vya Bomet kwenye Mto Nyangores na Mulot kwenye Mto Amala, huko Kenya, na kuna kituo cha Mara Mines upande wetu. Kazi yenyewe haina makuu: ubao wa geji uliopakwa rangi na kuandikwa sentimita umesimikwa ukingoni, na mwanakijiji wa jirani anayelipwa posho anausoma, anaandika daftarini, kesho anarudi. Kwa madaftari hayo wataalamu wanajua mto ulifurika lini na ulikauka lini. Sielewi kwa nini tumekubali kwa moyo mkunjufu kwamba wingi wa maji unastahili daftari la kila siku na ubora wake unastahili safari ya mara chache kwa mwaka, bajeti ikiruhusu.

Tena viwili hivyo havitenganishwi. Chukua mfano. Mto ukipitisha mita za ujazo 10 kwa sekunde na kila lita ikawa na miligramu mbili za fosforasi, kwa siku moja unapeleka ziwani kilo 1,728. Furiko likija mto ukapitisha mita za ujazo 100, na kila lita ikawa na miligramu moja tu, anayetazama chupa atafurahi kwamba uchafu umepungua nusu. Lakini ziwa limepokea kilo 8,640 siku hiyo, mara tano ya zile za kwanza. Fosforasi hiyo ndiyo mbolea ya magugu maji na ya ule ukijani unaoziba nyavu. Chupa isiyoandamana na usomaji wa geji ni nusu ya habari, na kwa kawaida ni ile nusu inayofariji.

Bonde lenyewe si dogo. Lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 13,750, na takriban theluthi mbili zake zipo Kenya. Mto unaanzia msitu wa Mau, unapokea Nyangores na Amala, unapita mashamba na miji midogo, unaingia Maasai Mara penye hoteli na kambi za watalii zenye vyoo na majiko, unavuka mpaka na kukata kona ya Serengeti, unatoka kwenye hifadhi na kukutana na migodi, karasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) za wachimbaji wadogo, mifugo na vitongoji, kisha unajitandaza katika ardhioevu pana ya mafunjo kabla ya kupita Kirumi na kuingia Ziwa Victoria. Baada ya safari ya karibu kilomita 400, maji yanayopita chini ya basi letu yamechanganya mambo ya watu wote hao. Atakayepima Kirumi peke yake ataujua ugonjwa bila kumjua mgonjwa wa kwanza. Ndiyo maana vituo lazima viwe kadhaa, na viwekwe juu na chini ya kila mahali panaposhukiwa: kimoja juu ya mji na kimoja chini yake, kimoja juu ya mahali Tigithe inapoingia na kimoja chini, kimoja mto unapoingia ardhioevu na kimoja unapotoka. Tofauti kati ya namba mbili za siku moja ndiyo inayosema, na humlinda asiye na kosa vilevile. Mgodi usiochafua, mfugaji asiyechafua, hoteli isiyochafua, wote wangepaswa kuwa wa kwanza kuchangia gharama.

Ardhioevu inahitaji maneno yake. Mafunjo huchuja tope na kunyonya mbolea, na wenyeji wa pande hizo wanajua kwamba maji hutoka Kirumi yakiwa yametulia kuliko yalivyoingia. Lakini watafiti wameonesha pia kwamba ardhioevu hii imepanuka sana tangu miaka ya 1970, na mafunjo yakishakufa na kulala majini hugeuka chakula cha bakteria wale wale niliowataja. Ziwa nalo likijaa, kama lilivyojaa kupita kiasi mwaka 2020, hurudisha maji nyuma, na yaliyotakiwa kutiririka yakalala. Kichujio, kwa hiyo, kinaweza kuwa chanzo katika msimu mwingine. Hatutajua ni lini kinakuwa nini kwa kutazama kutoka darajani.

Zebaki nayo ina tabia yake. Wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu, na ingawa Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, kila aliyepita penye karasha na mialo ya kuoshea dhahabu anajua bado ipo. Ukiitafuta katika maji mara nyingi utaikosa, na aliyeikosa ataandika kwa moyo safi kwamba maji ni salama. Zebaki huzama na kukaa katika tope, vijidudu huigeuza, hupanda kwa samaki wadogo na kutoka kwao kwenda kwa wakubwa, hadi sahani ya mama mjamzito. Kwa hiyo inatakiwa kutafutwa katika tope na katika minofu ya samaki, walau mara moja kwa mwaka, mahali pale pale na kwa aina ile ile ya samaki. Kupima maji peke yake kwa ajili ya zebaki ni kumtafuta mwizi sokoni wakati amelala chini ya kitanda.

Watasema mto huu ni wa nchi mbili na jambo haliko mikononi mwetu. Si kweli kwamba hakuna mikono. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria mwaka 2003, na Kamisheni ya Bonde hilo ipo Kisumu. Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imezipa bodi za mabonde kazi ya kulinda ubora wa maji na kutoa vibali vya kutiririsha majitaka. Kenya wana Mamlaka yao ya Rasilimali za Maji. Ninachokitamani ni kitu kimoja cha kushikika: kituo cha pamoja mpakani, chini kidogo ya Daraja la Purungat, ambapo fundi wa Kenya na fundi wa Tanzania watazamishe vipimo vyao katika maji yale yale, saa ile ile, na kutia saini karatasi moja.

Wazungu wa Mto Rhine, unaopita nchi kadhaa za Ulaya, walijifunza hilo kwa machungu. Walikuwa na tume ya pamoja tangu mwaka 1950, lakini Novemba 1, 1986 ghala la kemikali liliungua karibu na Basel, Uswisi, maji ya kuzimia moto yakazoa dawa za kuulia wadudu hadi mtoni, mto ukageuka mwekundu na mikunga wakafa kwa maelfu. Baada ya hapo walichukua hatua kwa kasi ambayo tume peke yake haikuwa nayo. Leo Ujerumani na Uholanzi zinapima Rhine mahali unapovuka mpaka wao, Bimmen upande mmoja na Lobith upande wa pili. Wao ni matajiri, nakubali. Lakini saini mbili kwenye karatasi moja hazihitaji utajiri.

Kuhusu fedha niseme kwa ufupi, kwa kuwa nimeona miradi. Wafadhili hupenda kununua mitambo inayotuma namba kwa simu. Hupigwa picha, huwekwa kwenye taarifa, na baada ya miaka miwili mradi unakwisha, utando wa kipimo cha oksijeni unapasuka, betri inakufa, na ndege anajenga kiota juu ya paneli ya sola. Mitambo si mibaya, na kwa matukio ya usiku mmoja hakuna mbadala wake. Ila usinunuliwe mtambo ambao vipuri vyake na mshahara wa anayeusafisha havijaandikwa kwenye bajeti ya serikali. Wakati tunasubiri, wasoma geji wale wale waongezewe posho na kifaa cha mkononi, wapime joto, uwezo wa kupitisha umeme na oksijeni alfajiri, na wapewe mrija wa plastiki angavu wa kupimia tope, ambao hata mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuutumia: unamimina maji hadi alama ya chini isionekane, unasoma sentimita. Jumuiya za watumia maji zipo na zina vijana. Namba zao hazitachukua nafasi ya maabara, lakini zitaiambia maabara ije lini, na fundi aliyeitwa siku ya kwanza ana thamani kuliko profesa aliyefika siku ya sita.

Na matokeo yabandikwe. Hapa ndipo nina ugomvi wa kweli na utaratibu tuliouzoea, ambao mimi mwenyewe niliutumikia. Kwa miaka yote niliyofanya kazi sikuwahi kuona karatasi ya matokeo ya mto imebandikwa kwenye ofisi ya kijiji ambacho watu wake wanakunywa mto huo. Zilikwenda juu, kwenye makabati. Tuliambiwa kwamba wananchi watazitafsiri vibaya. Mwaka 2022 wananchi hawakuwa na namba hata moja ya kutafsiri vibaya, na bado tafsiri zilikuwepo, tena kwa wingi. Ibandikwe karatasi moja kila mwezi, Kirumi, Marasibora, Nyamongo na Buswahili, yenye namba tano, kiwango kinachotakiwa pembeni, jina la aliyepima na saa aliyopima. Ibandikwe hasa miezi ambayo hakuna kilichotokea, maana karatasi inayobandikwa siku ya balaa peke yake haitofautiani na tangazo la mazishi. Watu wakizoea kuona oksijeni ya saba, ya sita na nusu, ya sita, mwezi itakapoandikwa tatu hawatahitaji kuhutubiwa. Watauliza wenyewe mvua ilinyesha wapi, nani kamwaga nini, na pengine, wakiona mstari unashuka kila masika kwa kiasi kile kile, watakubali hata habari ya ng'ombe.

Kila Septemba 15 huadhimishwa Siku ya Mara, Kenya au huku kwetu. Hupandwa miti, ngoma hupigwa, hotuba husomwa. Namwomba atakayeandika hotuba ya mgeni rasmi mwaka huu aache nafasi ya sentensi moja tu: oksijeni ya maji chini ya Daraja la Kirumi, alfajiri ya siku hiyo, ni miligramu kadhaa kwa lita, na mwaka jana tarehe kama hii ilikuwa kadhaa. Kama hakuna wa kwenda kuipima, mtumbwi nitaukodi mimi na kwenye maji nitakuwepo saa kumi na moja. Hiyo ya mwaka jana ndiyo siwezi kuileta.

Wako,
Mstaafu wa maabara ya maji,
Musoma.